Mikono Aliyoichagua Baba

Simu ilinikuta Nkome, mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nimechuchumaa kati ya wanawake wanaoanika dagaa. Nilikuwa nawauliza kwa nini wengine wanaanika mchangani na wengine kwenye chanja, na ni nani hasa huamua kwamba sasa dagaa wamekauka. Mimi sipiti mahali bila kuuliza. Aliyepiga simu ni mdogo wangu, mchungaji wa kanisa dogo la kijijini kwetu, ng'ambo ya Ibadakuli, kule ndege zinakopita chini zikitafuta uwanja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba ameomba ubatizo."

Nilisimama. Mama mmoja akaniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, ni furaha. Kisha nikamjibu mdogo wangu: "Mwambie nakuja. Msifanye lolote mpaka nifike."

"Njoo tu, kaka," akasema.

Lile "tu" nililisikia, ila sikulitilia maanani. Niseme wazi nilichokuwa nakitaka: nilitaka kumbatiza baba kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekitaka kwa miaka mingi, kuliko nilivyowahi kutaka nyumba au mke. Nilikuwa nimekwisha kuiona picha yake kichwani, baba akiinuka kutoka majini, mimi nimemshika kifuani, na kwaya iko ukingoni.

Baba alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma. Enzi zake, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma vilikutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hapakuwa na mwamuzi wala alama. Watazamaji wenyewe walikuwa ndio hukumu. Waliosimama kwako wakihamia kwa mwenzako, umeshindwa, na utarudi nyumbani kwa njia ya porini. Kwa hiyo kila manju alikuwa na mganga wake na dawa yake ya kuvuta watu. Baba aliiweka ya kwake ndani ya pembe ndogo iliyozungushiwa shanga, juu ya mlango wa chumba chake, na sisi watoto tulifundishwa kuinamisha vichwa tukipita chini yake. Mama alitupeleka kanisani sote wawili, mimi na mdogo wangu, mpaka alipofariki. Baba alibaki na pembe yake.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Sikuwa mjinga. Mambo yaliyokuwa yanatokea nje ya dirisha yalinishinda nguvu. Nimesukuma baiskeli za mkaa, nimeendesha karasha ya kusagia mawe, nimeshona nyavu, nimeuza miwani. Katikati ya hayo niliokoka tena kwa nguvu mpya, nikajikuta nina mdomo. Nikawa mwinjilisti wa machimboni. Dhahabu ikiibuka mahali, watu hukimbilia, wenyewe wanaita rashi, na mimi nilikuwa nafuata nyuma yao na turubai, ngoma na spika ya betri. Nilihubiri kwa Kiswahili na Kisukuma, nikaimba, nikachekesha, nikaliza. Wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope walipiga magoti mbele yangu. Nimewazamisha kwenye madimbwi ya mvua, tena wakati mwingine wamejipanga foleni.

Mdogo wangu hakwenda popote. Alilima mpunga na choroko, akachunga ng'ombe wa baba, akapewa kanisa la mabati ambalo lina benchi chache na hata hizo chache hazijai. Akihubiri anaanza kwa sauti ya chini, anashuka zaidi, na katikati anaangalia mlangoni kama mtu aliyesahau kitu nje. Bibi mmoja husinzia tangu sala ya kwanza. Nilikuwa namhurumia sana mdogo wangu. Ilikuwa huruma tamu, ya kulala nayo usingizi mzuri.

Ili mwelewe yaliyofuata, nieleze siku baba alipokuja Segese.

Rashi ya Segese ilikuwa imechangamka, na mimi nilikuwa na watu wengi kuliko wakati wowote. Nikamwita baba aje aone huduma yangu. Jioni ile mhubiri mwingine kutoka mjini alikuwa ameweka mkutano wake kwenye uwanja uleule, upande wa pili, na jenereta na spika zilizofika kimo cha mtu. Watu wote walikuwa kwake. Nilimkalisha baba kwenye kiti cha plastiki mbele, nikasubiri. Sikuanza. Nilimwacha mwenzangu aanze, apande, achoke. Upande wangu niliuchagua ili upepo unitokee mgongoni. Spika zake zilipoanza kukoroma nikapiga ngoma, kidogo tu, kisha nikanyamaza kabisa. Mtu hageuki kwa sababu ngoma inalia. Hugeuka ngoma ikinyamaza, maana anataka kujua kumetokea nini. Wakageuka. Nikaimba. Wakaanza kuja, kwanza watoto, kisha wanawake wenye ndoo, kisha wanaume wakijifanya wanapita tu, mpaka mhubiri wa mjini akabaki na fundi wa jenereta.

Nilimwona baba akijipiga paja. Macho yake yalikuwa na maji. Nikasema moyoni, leo Bwana amemgusa.

Baadaye tulikuwa kwa mama ntilie tunakula ugali na sato. Baba akasogeza kiti karibu na changu.

"Dawa yako inafanya kazi," akasema kwa sauti ya chini.

"Baba, sina dawa. Ni Roho wa Bwana."

"Ndiyo," akasema, huku akinisogezea kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda yeye. "Hata mimi nilikuwa nikiulizwa sikubali."

Nilicheka mpaka nikakabwa na mwiba. Kwa muda mrefu nilikitumia kisa kile mikutanoni kuchekesha watu. Kila mahali kilifanya kazi.

Basi kutoka Nkome nilipanda gari mpaka Geita, nikaunganisha linalokwenda Kahama, na Segese nikashuka. Nilitaka kwaya yangu ya zamani ije ukingoni mwa lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe kijijini kwetu, siku ya ubatizo. Mahali nilipokuwa natandaza turubai nilikuta karasha zinasaga mawe, vumbi jeupe limefunika hata miti. Nikamkuta mama mmoja anauza chai, aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ile.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina, mtumishi. Kumbe u mzima."

"Wenzako wako wapi?"

"Wamefuata rashi nyingine. Dhahabu ya hapa imekwenda chini mno."

"Na wewe unasali wapi siku hizi?"

"Kwa wale wa barabarani, wenye geti la bluu. Sasa ningefanyaje? Wewe ulituacha kama mtu anayekwenda chooni. Tukakaa tunakusubiri, tunasema atarudi sasa hivi." Alimimina chai akanipa. "Kunywa. Sina kinyongo. Ulikuwa unatuchekesha sana."

Nilikunywa chai ile na ikanichoma. Njia nzima mpaka Shinyanga nilikuwa nafikiria yule bibi anayesinzia kwenye kanisa la mdogo wangu. Anasinzia, lakini ni yuleyule. Watu wa mdogo wangu ni walewale.

Nilifika nyumbani alasiri. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa anapepeta mchele. Huyu hajawahi kunionea haya.

"Karibu, shemeji. Spika ziko wapi? Au zinakuja na gari la nyuma?"

"Nimekuja mwenyewe, shemeji."

"Basi leo ng'ombe watalala."

Baba alikuwa kwenye kigoda chini ya ukuta, anapukuchua choroko. Nikainama kumsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila." Alinitazama vizuri. "Umekonda. Nkome hakuna samaki?"

"Wapo. Baba, nimesikia habari njema."

"Umesikia."

"Lambo lina maji ya kutosha?"

"Lina maji."

"Basi mimi hata kesho niko tayari. Nimekuja na joho langu."

Baba akatupa maganda pembeni, akachukua mengine. "Mdogo wako ndiye atakayenizamisha," akasema.

Nilidhani hajaelewa nafasi yangu. Nikamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Baba, mimi ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Na nimebatiza watu wengi kuliko yeye. Wengi sana."

"Shida iko hapo hapo," akasema baba. "Mimi naacha dawa. Pembe nimeishusha, mdogo wako ameichoma. Sasa nitawezaje kuachia dawa mikononi mwa mwenye dawa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Baba, sina dawa. Sijawahi kuwa nayo."

"Segese niliona kwa macho yangu. Watu walihama uwanja mzima. Nimecheza ngoma tangu ujana, watu hawahami hivyo bure."

"Lilikuwa neno la Mungu."

"Na ile ngoma uliyoinyamazisha?"

Ngoma ile alinifundisha yeye, nikiwa mdogo, nikiwa nimekaa kati ya miguu yake.

"Sikulaumu," akasema. "Ni kazi. Mtu ana watu wake, ana dawa yake. Ila mimi nimechoka nayo."

Nikatafuta pa kushika. "Na huyu una hakika gani kwamba yeye hana?"

Hapo baba alicheka mpaka choroko zikamwagika mapajani. "Huyu? Mwenye dawa anaweza kuwa na watu wale?" Shemeji naye akacheka kule alikokuwa, maana alikuwa anasikiliza kila neno.

Kisha baba akafuta macho na kunieleza jambo ambalo sijaacha kulitafuna mpaka leo. Alisema msimu wa mvua uliopita alikuwa na homa, akawa anashinda kwenye kigoda hiki. Kutoka hapo kanisa linaonekana. Jumapili moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia zikajaa tope, hakuna mtu aliyetoka. Mdogo wangu akatoka. Akafungua mlango, akaigonga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele, akaingia. Baba akamsikia akiimba peke yake, vibaya, wimbo mzima. Akasikia anasali. Akasikia anahubiri, kwa sauti ileile ya siku zote. Kisha akafunga, akarudi, akaenda kukamua. Jumapili iliyofuata mvua tena, na yeye tena.

"Nikajiuliza, huyu anamchezea nani?" akasema baba. "Manju asiye na watu haendi uwanjani. Anaenda kufanya nini? Huyu anaenda. Basi nikasema, mle ndani kuna mtu."

Akaendelea kupukuchua choroko. Mimi nimehubiri juu ya kuwepo kwa Mungu kwenye vilima vya vifusi kuanzia Geita mpaka Kahama. Nimetumia mifano, vichekesho na machozi. Mdogo wangu alimthibitishia baba kwa kuimba vibaya kwenye kanisa tupu, tena bila kujua kwamba anasikilizwa.

Nilikwenda kumtafuta nikiwa nimeuma meno. Alikuwa nyuma ya zizi. Pale chini palikuwa na doa la majivu, na ndani yake shanga chache zilizopasuka kwa moto.

"Hapa ndipo ulipoichomea?"

"Ndiyo. Kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe."

"Nani alikuwepo?"

"Baba na mimi. Nani mwingine angekuwepo?"

Machimboni, mtu akileta hirizi yake ichomwe, hicho ndicho kilele cha mkutano. Watu hupanda juu ya magari waone. Huyu alichoma pembe ya manju mkubwa kuliko wote wa upande wetu kama anachoma takataka, na hakumwambia mtu. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Nilimwonea wivu kwa jinsi anavyojua kikohozi cha baba kipi ni cha vumbi na kipi ni cha homa. Nilimwonea wivu kwa mbwa, aliyenibwekea mimi niliyezaliwa pale na kumlalia yeye miguuni.

"Ungemwambia kwamba sina dawa," nikasema.

"Nilimwambia, kaka. Siku tatu nzima namwambia. Anasema namtetea kwa sababu nakuogopa."

Halafu akasema, akiangalia ng'ombe: "Kaka, nikwambie kitu? Miaka yote hii ninaomba Mungu anipe hata nusu ya watu wako. Hata Jumapili moja tu. Nijue inakuwaje."

Ningependa kuandika kwamba maneno yale yaliniyeyusha. Yalinifurahisha. Niliyashika kama mtu aliyeokota kitu barabarani, nikawa nayapapasa mfukoni jioni nzima.

Kesho yake mchana, wote wakiwa shambani, niliingia kanisani peke yangu. Nilitaka kujua. Nikafunga mlango, nikasimama mbele, nikaangalia zile benchi tupu. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Nikaanza kuhubiri. Sauti yangu ikatoka kubwa, ya uwanjani, ikagonga ukuta ikanirudia. Nikaipunguza. Nikasema jambo la kuchekesha, kisha nikakaa nikingojea kicheko. Nilijaribu kusali, nikagundua kwamba naangalia mlangoni kama kuna mtu anachungulia. Haikupita muda nikaishiwa. Si kwamba nilikosa maneno. Maneno yalikuwepo yote, ila hayakuwa na wa kumwendea, au mimi sikumwona. Nilikaa kwenye benchi la bibi anayesinzia, nikaelewa kwamba swali la baba lilikuwa pia la kwangu. Mimi huwa namchezea nani?

Sina dawa. Nalisema tena hapa, kwa yeyote atakayesoma. Wale wachimbaji waliolia walilia kweli, na wengine wao wameacha pombe mpaka leo, na mama wa chai bado anaimba kwa wale wa geti la bluu. Sitaki kuitukana kazi ile. Lakini mtu anayejua tofauti ya Mungu na dawa kwa kuhesabu vichwa, kama nilivyokuwa nafanya, hawezi kumlaumu manju kwa kuhesabu kwa njia hiyohiyo. Tulikuwa tunatumia kipimo kimoja, baba na mimi. Yeye alikitupa kabla yangu. Nafikiri siku hizi kwamba kufanikiwa katika huduma ni kuweza kufungua mlango siku ya mvua. Nafikiri hivyo, na bado nikipita mahali penye umati, miguu inaniwasha.

Siku ya ubatizo tulikwenda lamboni asubuhi. Joho langu lilibaki kwenye begi. Ukingoni alikuwepo shemeji, yule bibi, wazee wawili wa kanisa, na mchungaji wa ng'ombe aliyesimama na mifugo yake akisubiri tumalize wanywe. Baba alivua katambuga zake, vile viatu vya tairi la gari, akanipa nishike. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kushika katambuga.

Mdogo wangu aliingia naye. Maji yalipofika kiunoni tope likaanza kuwavuta. Goti la baba ni bovu, na mdogo wangu ni mwembamba. Wakayumba. Akaniita.

"Kaka, ingia unisaidie. Atanizidi uzito."

Niliweka katambuga kwenye nyasi nikaingia na suruali yangu. Nilipofika, baba akaninyooshea kidole.

"Nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha.

"Geuza."

Nikageuza. Akaiangalia viganja na kati ya vidole, kama alivyokuwa akimkagua mchezaji mgeni kabla hajamruhusu kuingia uwanjani. Mikono ilikuwa inatiririka maji na haina kitu.

"Shika kushoto," akasema. "Usiseme chochote."

Nikashika kushoto. Mdogo wangu akasema maneno, kwa sauti ya chini, akameza nusu ya sentensi, na mahali ambapo mimi ningetulia kidogo ili watu wasikie uzito wake yeye alipita haraka. Nilisikia koo langu likitaka kurekebisha. Nikafunga mdomo. Tukamlaza baba, akawa mzito kuliko nilivyotegemea, kisha kwa kitambo akawa mwepesi kabisa, maji yakamfunika uso.

Alipoinuka alitema maji, akakohoa, kikohozi ambacho mdogo wangu alikijua na mimi sikukijua. Akafuta macho akaangalia ukingoni, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, kama manju anavyoangalia uwanja. Akawaona wale wachache, na ng'ombe wamekwisha kuanza kusukumana.

"Leo sina mtu," akasema, akacheka.

Akaanza kutoka majini akituegemea. Mimi nilikuwa nimebeba mkono wake wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuweka begani kwa mdogo wangu, umetulia hapo kama uliopazoea. Niliutazama ule mkono wa kulia njia nzima mpaka kwenye nyasi.